Jumapili moja Istanbul, maduka ya Laleli yamefungwa

Mie safari zangu tatu za mwanzo Istanbul nilikuwa naenda kama naenda Kariakoo tu, natua, nalala Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, nakusanya jinzi na magauni, mzigo unaenda kago, narudi Dar. Mtu akiniuliza Uturuki kukoje namwambia kuna baridi. Safari ya nne Jumapili ikanikuta kule, na maduka mengi ya jumla siku hiyo hayafungui, nikasema leo sikai hotelini kuhesabu mapanga ya feni.

Nikanunua Istanbulkart kwenye mashine ya kituoni, kadi hiyohiyo unagonga kwenye tramu, basi, mpaka boti. Kutoka Laleli hadi Sultanahmet ni vituo vitatu kwa tramu ya T1. Vitatu! Miaka yote hiyo nalala pua na mdomo na Hagia Sophia, aibu jamani.

Mtalii wa kigeni pale alikuwa analipa yuro 25 na anapelekwa ghorofani, kwa hesabu zangu mie hiyo ni jinzi tatu, nikaingia chini na wanaokwenda kuswali adhuhuri, bure. Jengo la mwaka 537 hilo, lilikuwa kanisa, likawa msikiti 1453, baadaye makumbusho, 2020 likarudi kuwa msikiti. Ila kilichonishika ni zulia. Mistari ya swafu imekaa mshazari, haiendi sawa na kuta, maana kanisa lilielekea mashariki na kibla kiko kusini mashariki, sasa miguu yako inafuata zulia macho yanafuata nguzo, unahisi kama jengo zima limegeuka kidogo wewe umebaki. Juu ya mihrabu kuna mapazia, nyuma yake ni picha ya Bibi Maryamu na mwanawe.

Msikiti wa Buluu uko ng'ambo ya bustani, minara sita, bure pia, beba mtandio wako tu. Hela yangu nikaitumia Basilica Cistern, tangi la maji la chini ya ardhi, nguzo 336, mwishoni kabisa nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kichwa chini miguu juu ningesema, ila miguu hana, kingine kimelala ubavu. Hapo jinzi zangu ziliondoka na sijutii.

Sasa nikajifanya mjanja, nikapanda kilima na sendo zangu kwenda Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale lenye paa, nafika milango imefungwa. Jumapili nayo hawafungui. Mfanyabiashara mzima nimeshindwa kuuliza siku za soko!

Nikateremka Eminönü kwenye boti, nikala simit, mkate wa duara wenye ufuta, nikagonga kadi kwenye boti ya Üsküdar, dakika kama ishirini tu umetoka Ulaya uko Asia, chai kwenye viglasi vyenye kiuno, shakwe wanatufuata. Nikamtumia dada voisi, dada niko katikati ya bahari, Ulaya nyuma, Asia mbele.

Akajibu, "Hongera mdogo wangu, na zile jinzi saizi 34 umepata?"