Kisu kilichokuwa kikila mifuko yangu

Nilipopeleka suruali ya tatu kutiwa kiraka mwaka huu, mama wa cherehani aliigeuza, akapenyeza kidole kwenye tundu la ukingo wa mfuko wa kulia, akaniuliza, "Fundi, humu unafuga panya?"

Panya mwenyewe ni kisu cha kukunja alichoniletea shemeji yangu anayefanya kazi melini. Mpini wake ni mweusi, umechongwa miraba midogo midogo, mkwaruzo mtupu. Mkononi ni raha. Hata nikiwa natokwa jasho, au Jumapili naparua samaki, hakiniponyoki. Tatizo lilikuwa klipu yake ya mfukoni. Inabana kwa nguvu juu ya ule mkwaruzo, na kinachobanwa katikati ni kitambaa cha suruali. Kwa siku nakitoa na kukirudisha mara nyingi mno, kumenya waya, kukata maboksi, hata embe. Kadeti gani itahimili kupigwa tupa namna hiyo?

Nilipokifungua nilicheka peke yangu. Kazi yangu ni redio na inveta, na ukingo wa ule ubao wa mpini naufahamu: matabaka ya kitambaa cha nyuzi za kioo yaliyoshindiliwa kwa gundi ya epoksi. Unaitwa G-10. Ile bodi ya kijani iliyomo ndani ya redio yako kwa kawaida ni FR-4, ndugu yake kabisa, ila yenyewe imetiwa dawa ya kuzuia moto. Bodi hizo nimezikata na kuzitoboa miaka kumi na minne, kwa hiyo vumbi lake nalijua. Likikuingia shingoni unajikuna usiku kucha, na mapafuni ndiyo usiombe. Ubao wa namna hii hausuguliwi mkavu.

Klipu ilishikwa na skrubu tatu za nyota yenye ncha sita, T6, ambazo bisibisi zake mafundi simu wanazo. Kabla ya kuitoa niliizungushia mstari wa penseli. Kisha nikautoa na ubao wenyewe, maji yasije yakaingia kwenye egemeo la kisu, nikabandika tepu ya karatasi nje ya mstari. Nikavaa barakoa, nikateka beseni la maji, nikaviringisha msasa wa maji namba 400 kwenye kijiti bapa. (Bibi yangu alilainishia miko kwa majani ya mti wa msasa wenyewe. Mbele ya kioo nadhani yangesalimu amri.)

Sikusugua ubao mzima, maana huo mkwaruzo ndio uzuri wa kisu. Nilisugua pale tu inapolala klipu, hasa chini ya ncha yake. Kila baada ya muda nilisuuza na kupitisha juu yake kipande cha kadeti kuukuu. Kikikwama, naendelea. Kilipoteleza bila kuvutika, nikamalizia na namba 600, nikafuta kwa kitambaa kibichi na kumwaga maji ya beseni mbali na watoto. Hapo niliposugua palibaki pa kijivu kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta. Tone la mafuta ya cherehani likaparudishia weusi.

Ningeishia hapo ningekuwa mjanja. Lakini nikaona klipu bado inabana mno, nikaiinua kidogo kwa koleo. Kidogo ikawa nyingi. Kesho yake nimechuchumaa chini ya meza ya mteja nakagua betri, kisu kikachomoka chenyewe, kikaanguka sakafuni kikiwa kimekunjwa. Mtoto wa nyumba akawahi kukiokota kabla yangu. Mama yake alinitazama jicho ambalo chai iliyofuata haikulifuta.

Jioni ile ile niliirudisha klipu chini hadi ncha yake ikagusa ubao. Ni wiki ya sita sasa, na kwa mama wa cherehani nimekwenda mara moja tu, kufupisha sare ya binti yangu. Mfuko wangu aliukagua hata hivyo.