Kosa la kiwandani au jeraha la mitaani?

Sarafu nyingi zinazodhaniwa kuwa na kosa la kiwandani, lile ambalo wakusanyaji hulilipia zaidi, zimegongwa, zimekwaruzwa au zimeliwa na asidi baada ya kuanza kutumika. Anayetaka kuzitenganisha na aijue kwanza mashine. Kisahani kitupu cha metali hukaa ndani ya pete, kisha mihuri miwili hukibana kwa nguvu, mmoja chini na mwingine juu. Kosa la kweli limetokea kwenye kisahani, kwenye muhuri, au wakati wa pigo lenyewe. Ukishindwa kueleza ni hatua ipi ingeacha alama uliyoiona, usiilipie sarafu hiyo.

Uwe na lenzi inayokuza mara 10, taa ya pembeni, sumaku, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Usiisugue sarafu wala kuing'arisha, maana utafuta ushahidi na thamani kwa mpigo mmoja.

Muhuri ukipata ufa, metali huingia katika ule ufa na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka, unaokatiza herufi na picha. Mkwaruzo wa mitaani huzama. Ukimulika kutoka ubavuni, mstari ulioinuka hutupa kivuli upande ulio mbali na taa; uliozama, kivuli chake kimo ndani, upande wa karibu na taa.

Maandishi pacha, yaani herufi zinazoonekana mara mbili, ndiyo yanayowakosesha wengi, nami nayaona ndiyo mtihani halisi wa jicho. Pacha wa kweli hutoka kwenye muhuri: wakati wa kuutengeneza, picha ilikandamizwa juu yake zaidi ya mara moja bila kulingana sawasawa. Herufi huwa nene kuliko kawaida, nakala zote mbili zina mgongo wa mviringo, na pembe za herufi zimepasuka kama ncha ya mkia wa mbayuwayu. Senti ya Marekani ya 1955 inaonyesha hali hiyo hata bila lenzi. Pacha wa bandia hutokea muhuri unapotikisika baada ya pigo na kukwangua ubavu wa herufi: hubaki kingazi bapa kinachong'aa, na herufi yenyewe imepungua unene. Sarafu za namna hiyo ni tele, na wakusanyaji wengi hawaziongezei bei.

Sarafu iliyomegeka, itazame upande ulio mkabala na pengo. Kabla ya kupigwa, kisahani hubingirishwa kwa kubanwa ili ukingo wake uinuke. Palipo na pengo hapana cha kubana, basi hata upande wa pili hukosa mgandamizo, na ukingo wa hapo mara nyingi hutoka hafifu. Aliyekata sarafu kwa msumeno hawezi kuiga jambo hilo.

Herufi zilizozama na kusomeka kinyumenyume, huku picha ya asili ikionekana chini yake, ni alama ya sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwenye jiliwa, kibanio cha fundi. Huo ni mchezo wa karakana.

Mizani haidanganyiki kirahisi. Senti ya Marekani ya 1943 ilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki: ina uzito wa gramu 2.70, na sumaku huinasa. Chache zilipigwa kimakosa kwenye visahani vya shaba, gramu 3.11, na hizo sumaku haizigusi. Za kughushi hupakwa shaba juu ya chuma, zikanaswa papo hapo. Nyingine ni za 1948 zilizochongwa tarakimu 8 ikawa 3. Hapo sumaku haisaidii, tumia lenzi.

Uingereza nako, mwaka ulipohamishiwa upande wa kichwa mnamo 2008, baadhi ya sarafu za peni 20 zilipigwa kwa muhuri wa zamani wa kichwa na muhuri mpya wa nyuma, zikatoka bila mwaka wowote.

Ukiipata ya kweli, ishike kwenye kingo na uihifadhi kwenye fremu ya karatasi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC huacha utando wa kijani unaoila metali.