Gombo la Torati linavyoandikwa

Herufi 304,805, zote kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya au tete, juu ya ngozi ya mnyama anayeruhusiwa kuliwa na Wayahudi. Mistari hukwaruzwa kwanza bila wino, na herufi huning'inia chini yake, hazikai juu. Wino wenyewe ndio kazi: vivimbe vya mti wa mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Wino ukiwa mzito mno, hukauka ukapasuka na kubanduka. Herufi moja ikimeguka, gombo zima halisomwi sinagogi hadi irekebishwe. Herufi zikigusana, vivyo hivyo. Kosa la kawaida hukwanguliwa kwa kisu. Jina la Mungu, thubutu! Halifutwi, kipande hicho cha ngozi huondolewa, kikazikwa. Vipande hushonwa kwa kano za mnyama.