Jinsi nilivyopata nafasi ya kusikika kwenye kikao cha kikoba

Kwenye kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, kila tulipojadili riba au marejesho ya mikopo, kikao kilifungwa na hoja yangu bado iko kifuani. Nilijaribu kuandika maelezo marefu, mada ikahama. Nikajaribu kupaza sauti, tukaishia kuongea wawili kwa pamoja.

Kilichosaidia ni hiki. Namwomba katibu ajenda mapema, kisha naandika hoja moja tu na kifungu cha katiba yetu kinachohusika. Nanyoosha mkono mwenzangu akiwa bado anaongea, mwenyekiti ananiweka kwenye foleni. Nikipewa nafasi, naanza na neno la aliyetangulia: "Mama mhazini amesema faini ipungue, naomba kuongezea hapo." Jamani, hapo ndipo penye siri! Mtu akisikia hoja yake imeshikwa, anatulia na kusikiliza. Juzi pendekezo langu la muda wa marejesho limepitishwa.