Rangi mpya ukuta mmoja tu

Jamani leo nimechoka mpaka unyayo.

Nyie mnaosemaga mji mdogo nyumba ni kugusa tu, mnaongelea mji gani? Vyumba vichache, havitangazwi popote, vinapita mdomo kwa mdomo na ukiwa mgeni wewe ndo wa mwisho kusikia. Cha bei nafuu kikitokea, mwenye nyumba keshampa ndugu yake.

Sasa asubuhi dalali kanipigia, chumba na sebule, maji ndani, kodi naimudu. Nikatoka mbio kabla hajaniwahi mtu.

Nafika, pazuri kweli, dirisha kubwa, upepo unaingia, mama mwenye nyumba mcheshi balaa. Ila naona ukuta mmoja tu ndo umepakwa rangi mpya, tena kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, huko juu ile ile ya zamani.

Nikaweka kiganja.

Ubaridi, na rangi ikabanduka ikabaki vidoleni kama unga ulioloa. Namuuliza mama, anasema aah hiyo haijakauka tu vizuri. Nyuma yake mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anaanika nguo, akanitazama, akatingisha kichwa taratibu, akaendelea kuanika.

Yule dada abarikiwe 😂

Dalali kaninunia, anataka hela ya kunionyesha chumba ambacho hata sijachukua.

Haya wajuzi, huo unyevu unatibika au ni kupaka rangi kila msimu? Na mwenye kujua chumba kikavu anistue basi 🙏