Siku moja maishani mwangu: wiki ya mwisho ya Septemba, ofisi ya maridhiano

Nikiwaambia ndugu zangu wa Tanga kwamba nafanya kazi ofisi ya maridhiano ya chuo kikuu huku Alberta, Kanada, wanadhani napatanisha wahadhiri waliogombana. Sivyo. Bosi wangu ni mama wa Kikrii, mmoja wa wenyeji wa asili, yumo katika uongozi wa juu wa chuo, na kazi yake ni mahusiano kati ya chuo na wenyeji wa asili wa nchi hii ya Mkataba wa Sita, uliotiwa saini kati ya wenyeji na serikali ya kifalme mwaka 1876. Mimi ni mratibu wake: kalenda, barua, chai, malipo.

Saa 1:30 asubuhi. Barua pepe zimejaa. Septemba kila idara huwakumbuka wenyeji, maana tarehe 30 ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano, siku ya watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 waliopelekwa shule za bweni wakatengwa na wazazi na lugha zao. "Tunaomba mzee wa kufungua mkutano wetu kesho, dakika tano." Kesho! Mzee haagizwi kwa barua pepe. Unamwendea na tumbaku mkononi, unaeleza shida yako, akiipokea, amekubali. Marehemu bibi yangu na kikopo chake cha ugoro asingehitaji kuelezwa.

Saa 3, kikao cha bajeti. Bosi anatetea nafasi ya mwalimu wa Kikrii, kwa mara nyingine. Saa 4 nawapigia watu wa majengo wazime king'ora cha moshi ukumbini, la sivyo ubani wa kienyeji utatuletea zimamoto.

Saa 5 anafika bibi mmoja kutoka Maskwacis, makazi ya Wakrii hapa Alberta, pale Papa Fransisko alipoomba radhi kwa ajili ya shule hizo Julai 2022. Anazungumza na wanafunzi wa uuguzi. Mwito wa 24 kati ya miito 94 ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo, unataka wauguzi na madaktari wafundishwe historia hii. Ukumbi kimya, hata simu hazichezewi.

Halafu malipo. Kwa desturi, mzee hukabidhiwa shukrani yake siku hiyohiyo, mkononi. Uhasibu wanataka asajiliwe kwanza kama mzabuni, alete ankara, asubiri siku 30. Nilikuwa nimeomba fedha taslimu mapema. Ombi limerudishwa, eti msimbo wa bajeti si sahihi. Nashuka ghorofani. Kijana wa dirishani ananiuliza kama "kampuni ya huyo mama" ina nembo. Napanda kutafuta saini. Bosi yuko kikaoni. Nashuka tena. Dirisha limefungwa, wamekwenda kula. Bibi ametulia kwenye kochi na shali yake, ananipa pipi, ananiambia nikae kidogo. Mjukuu wake anachungulia saa. Ana zamu ya usiku.

Sijui ilikuwa saa ngapi bosi alipotoka kikaoni. Alisoma ile barua ya uhasibu akiwa amesimama, akampigia mkubwa wao, akaongea taratibu kwa sauti inayonitisha kuliko kelele. Bahasha ikapatikana.

Wakati nafunga ofisi akaniambia, "Niandikie utaratibu mpya wa malipo ya wazee, tuupeleke kwa baraza." Nimeuanza kwenye basi, miguu ikiwaka moto. Kipengele cha kwanza: mzee hajazi fomu yoyote.