Sabuni Inayofaa Mashine ya Zamani ya Kufulia Yenye Rola za Kukamulia

Wenzetu wanaohamia miji midogo na mashamba ya jimbo la Iowa, Marekani, hukuta mara kwa mara, katika chumba cha chini cha nyumba waliyopanga au kwenye minada ya vitu vya zamani, mashine ya kufulia yenye pipa lililosimama juu ya miguu mirefu na rola mbili za mpira za kukamulia nguo. Si ajabu kuziona huku, kwa sababu kampuni ya Maytag ilikuwa na makao yake Newton, mji wa jimbo hilihili, na iliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 1983. Waamish, jumuiya ya Wakristo wanaoishi kwa mtindo wa kizamani na ambao wengi wao hawajiungi na umeme wa gridi, wanazitumia hadi leo kwa kuziendesha kwa injini ndogo. Mimi pia nafulia mashine ya namna hiyo na ninaithamini sana, na swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu waliopata mashine kama yangu ni la sabuni: katika rafu ndefu za dukani, ipi inaifaa?

Jibu langu linaanzia kwenye maji. Mashine za kisasa hujaza maji mapya kwa kila mzigo na kuyamwaga, kwa hiyo sabuni yake hupimwa kwa mzigo mmoja tu. Mashine ya rola hujazwa maji ya moto mara moja, zikatangulia nguo nyeupe, zikafuata za rangi, na mwishoni zikaingia nguo za kazi zenye tope na grisi, huku maji yanayokamuliwa yakirudi pipani baada ya kila mzigo. Sabuni hiyohiyo basi inapaswa kuing'oa taka ya mzigo wa kwanza, kuishikilia majini isirudi kwenye mzigo wa pili, na bado kubakiwa na nguvu ya kukabiliana na suruali za shambani. Ndiyo maana napendekeza sabuni ya unga ya dukani iliyo kamili, yenye viambato vya kulainisha maji na vya kuzuia uchafu usinate tena kwenye kitambaa, badala ya michanganyiko myepesi ya kujitengenezea nyumbani. Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi hakikusaidii sana hapa. Pima maji ya pipa lako kwa ndoo, weka sabuni kwa kadiri ya maji hayo, kisha ongeza kidogo kabla ya kila mzigo unaofuata.

Kuhusu povu, nina msimamo. Enzi za sabuni ya mafuta, povu ndilo lililokuwa kipimo: likitoweka, mfuaji alijua kwamba sabuni imekwisha kazi na akaongeza nyingine. Sabuni za kemikali, ambazo zilienea Marekani baada ya sabuni ya unga ya Tide kuingia sokoni mwaka 1946, zilibadili hesabu hiyo, na zile za leo zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine zinazotumia maji machache hutiwa dawa ya kuzuia povu kwa makusudi. Wapo wapenzi wa mashine hizi wanaosisitiza kuliona povu zito, lakini mimi nachagua sabuni ya povu dogo bila kusita. Povu likizidi huzipa nguo mto wa kulalia, zikaacha kusuguana vizuri. Hupita pamoja nazo kati ya rola, likajaa kwenye beseni la kusuuzia, na maji ya kusuuzia yakageuka kuwa maji ya kufulia. Kwa kuwa povu dogo halikuonyeshi sabuni iliyobaki, tazama maji yenyewe: yakiwa ya kijivu na hayatelezi tena vidoleni, ongeza sabuni au uyabadilishe.

Maji ya visima vya huku hupita kwenye miamba ya chokaa, na mara nyingi ni magumu sana, yaani yana zaidi ya miligramu 180 za madini hayo kwa lita. Sabuni ya kipande au ya kujitengenezea kwa mafuta, ikikutana na kalsiamu iliyomo katika chokaa hiyo, hufanya utando wa kijivu unaonata kwenye nguo, kwenye pipa na kwenye rola. Zamani fosfeti, kemikali ya kulainisha maji iliyotiwa katika sabuni, ndiyo iliyoituliza kalsiamu, lakini katika miaka ya 1990 watengenezaji wa Marekani waliiondoa katika sabuni za kufulia za nyumbani kwa sababu ilirutubisha mwani katika mito na maziwa. Kwa maji magumu, magadi ya kufulia yanayotangulizwa pipani kabla ya sabuni husaidia sana, ila nayo yana sharti lake.

Sharti hilo ni pipa. Pipa la chuma lililopakwa enameli huvumilia magadi, lakini la alumini huliwa na kitu chochote kikali cha jamii ya magadi kikizidi, likapoteza mng'ao na kupata vishimo. Sabuni nyingi za unga huwa na silikati, kemikali ambayo huikinga alumini, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiamini sabuni kamili kuliko magadi matupu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo naiepuka kabisa, kwani huishambulia alumini na kuuchakaza mpira wa rola. Nguo nyeupe zinatosheka na dawa ya unga inayotoa oksijeni, ambayo hufanya kazi vizuri katika maji ya moto. Mafuta ya machungwa au ya msonobari yanayotiwa katika baadhi ya sabuni kwa ajili ya kukata grisi nayo hulainisha na kuvimbisha mpira, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kununua. Rola nzuri hazipatikani kirahisi.

Vifuko vya sabuni vinavyoyeyuka majini viache dukani, kwa maana vimefungwa kwa mzigo mmoja na huwezi kuviongeza kidogokidogo. Sabuni ya maji inafaa ikiwa maji si ya moto sana. Unga, kwa upande wake, uyeyushwe pipani mashine ikizunguka, kabla ya nguo kuingia, ili chembe zake zisikwame katika mikunjo na kusagwa kati ya rola.

Kumbuka pia kwamba mikono yako itaingia katika maji hayo mara kwa mara ili kuzitoa nguo na kuzielekeza kwenye rola. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa achague sabuni isiyo na manukato wala vimeng'enya, na asivae glavu pana zinazoweza kunaswa na rola. Dawa ya kulainisha nguo isitiwe pipani, kwa maana huacha mafuta yanayofanya rola ziteleze. Anayeihitaji aiweke katika beseni la mwisho, kisha azifute rola kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, azikaushe, na kulegeza mkazo wake mpaka siku nyingine ya kufua.